Seti ya kalamu ya slimline ya milimita 7: kazi yote iko kwenye ngozi ya mbao

Anayetaka kuanza kukereza kalamu za mbao, seti ya kwanza atakayoonyeshwa karibu kila duka la vifaa hivi ni slimline ya milimita 7. Bei yake iko chini kuliko nyingine, dola chache tu za Marekani kwa seti moja, na wauzaji huitangaza kuwa ni ya wanaojifunza. Hilo la kujifunza ni nusu ya ukweli. Slimline haihitaji vifaa vingi, lakini pia haina pa kufichia kosa. Kalamu nene humeza makosa ya fundi. Hii nyembamba huyatoa nje yote.

Sababu ni hesabu ndogo. Mrija wa shaba unaogundishwa ndani ya mbao una kipenyo cha nje cha milimita 7. Bushi, yaani vijipete vya chuma vinavyokuonyesha mahali pa kukomea, zina milimita 8.4 hivi. Toa, kisha gawa kwa mbili: pale mbao inapokutana na chuma inabaki ngozi ya milimita 0.7, nyembamba kidogo kuliko kadi ya benki. Karibu kila sifa na kila kasoro ya seti hii inatoka kwenye ngozi hiyo.

Ndani ya pakiti mna mirija miwili ya shaba yenye urefu wa kama milimita 53 kila mmoja, ncha ya mbele, mtambo wa kuzungusha unaotoa na kurudisha wino, pete ya katikati, kishikizo cha mfukoni, kofia ya juu na mrija wa wino wa aina ya Cross, kampuni ya kalamu. Kalamu ikikamilika ina urefu wa karibu sentimita 13. Visivyokuwamo ndivyo vinavyogharimu: biti ya milimita 7, mandreli, yaani fimbo ya kushikilia vipande kwenye mashine yako ya kukerezea (pima kwanza kama koni ya mashine ni ya kipimo cha Morse namba 1 au namba 2), bushi tatu, kikwangulio cha kusawazishia ncha za vipande, na gundi. Seti yenyewe ni bei ya chai na chapati, ila vifaa hivi vyote kwa pamoja vinaweza kuzidi bei ya seti kumi. Habari njema ni kwamba vingi havinunuliwi kwa kila kalamu, na karibu slimline zote hutumia vilevile.

Kuhusu rangi ya chuma, usivutwe na dhahabu ya karati 24. Inang'aa siku ya kwanza, kisha inachujuka mahali vidole vinaposhika, hasa kwenye ncha na pete. Kromu inadumu zaidi kwa bei ileile au karibu yake. Ukitaka rangi ya dhahabu ya kudumu, tafuta iliyopakwa titani. Kwenye mpingo mweusi kromu inapendeza kuliko dhahabu, na hapa tunasema kwa macho yetu, si kwa kipimo.

Tukifika kwenye mbao, seti hii ina fadhila moja ambayo maelezo ya wauzaji wa ng'ambo hayaitaji: inakula mbao kidogo mno. Vipande viwili vya urefu wa milimita 57 na upana wa milimita 15 hadi 19 vinatosha. Kwa mpingo hilo ni jambo kubwa. Mti huo mara nyingi umejipinda na una uwazi ndani, kwa hiyo vipande virefu vilivyonyooka ni adimu na vinatafutwa na watengenezaji wa klarineti na oboe. Vipande vifupi vinavyobaki kwa wachonga vinyago vinafaa kalamu kabisa. Chagua kipande chenye mpaka wa mti mweusi na ule mweupe wa nje, upange mstari huo upite kwenye vipande vyote viwili, na utapata kalamu isiyohitaji pambo lingine.

Shida ya mabaki ya vinyago ni ubichi. Wachongaji wengi hupenda mpingo ukiwa bado una maji kwa sababu unakatika vizuri. Ukikereza kalamu kwa mti mbichi, ngozi ya milimita 0.7 itakauka ikiwa imekumbatia shaba isiyosinyaa, na ufa utatokea baada ya wiki kadhaa, karibu kila mara ukifuata urefu wa nyuzi. Kata vipande, paka nta kwenye ncha zote mbili, viweke kivulini penye hewa, na upime uzito kwenye mizani ya jikoni kila wiki. Uzito ukikaa palepale kwa wiki nne, kipande kiko tayari. Mpingo haukauki kwa haraka, na kuuweka juani ni kuupasua.

Kuna pia suala la sheria. Tangu tarehe 2 Januari 2017 jenasi ya Dalbergia, ambayo mpingo umo ndani yake, iko kwenye viambatisho vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na mpingo uko Kiambatisho II. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliacha nje ya masharti bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mbao kwa mzigo mmoja, kwa hiyo kalamu za zawadi hazina tatizo kwa upande huo. Vipande ambavyo havijakerezwa ni habari nyingine. Vipande hivyo vinahitaji vibali. Uliza risiti unaponunua.

Asiye na mpingo asisikitike. Mninga unatoboka vizuri na hautesi patasi. Mwembe wenye madoa ya kuvu una michoro mizuri sana, ila ni laini na utahitaji gundi nyepesi kuuimarisha. Mzeituni mwitu unang'aa wenyewe. Mnazi tunaushauri kwa mwenye uzoefu tu, kwa sababu nyuzi zake ngumu zimelala ndani ya nyama laini na hung'oka nzima nzima ngozi inapofika milimita moja.

Sasa kutoboa, ambako kalamu nyingi hufia kabla hazijafika kwenye mashine. Chora mstari mmoja ubavuni mwa kipande kizima kabla ya kukikata, ili baadaye nyuzi zikutane kwenye pete ya katikati. Kata kila kipande kizidi mrija kwa milimita 3 au 4. Biti iwe ya chuma, si ya ukuta. Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi huweka zote kwenye boksi moja, na ya ukuta ina kichwa kipana kinachosaga badala ya kukata. Biti ya kawaida ya milimita 7 ina urefu wa milimita 109, na sehemu yenye mifereji ni milimita 69 hivi, kwa hiyo inatosha kipande cha milimita 57 bila mifereji kuzama yote. Mifereji ikizama, unga wa mbao haupati pa kutokea, unajibana, na joto linapanda.

Joto ndilo adui. Mzunguko wa 500 hadi 600 kwa dakika unatosha. Ingia milimita 6 au 7, toa biti nje kabisa, acha unga uanguke, rudi tena. Kwenye mpingo toa biti mara nyingi zaidi, kwa sababu mafuta yake hushika kwenye mifereji kama lami. Ukigusa biti ikakuunguza kidole, simama dakika tano. Ufa unaozaliwa na joto hauonekani siku hiyo. Unajitokeza kalamu ikishakuwa mfukoni mwa mtu. Kuhusu upande wa kutokea, mbao hupasuka pale biti inapochomoza, hivyo ama weka kipande cha mbao isiyo na kazi nyuma yake, ama acha kipande kiwe kirefu, usitoboe hadi mwisho, kisha kata kwa msumeno mpaka tundu lionekane. Njia ya pili ni salama zaidi.

Vipande vikishatobolewa, viache vilale usiku mmoja. Mbao hupumua upya, na kama kuna ufa utauona kabla hujapoteza mrija.

Gundi inahitaji maneno mengi kidogo, hasa kwa walio pwani. Maelekezo ya seti husema tumia supaglu nzito. Supaglu hukaushwa na unyevu. Mahali pakavu unapata sekunde za kutosha kusukuma mrija. Mombasa au Unguja wakati wa masika, mrija unaweza kukwama katikati ya safari, na hapo hautoki tena. Kwa hali hiyo tumia epoksi ya dakika tano, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili. Ni chafu zaidi, lakini inakupa muda na inajaza nafasi kama tundu limetanuka.

Kwa vyovyote, kwanza kwaruza mrija kwa msasa wa 150 mpaka mng'ao wote uishe, kwa sababu shaba laini haishiki gundi. Futa ndani ya tundu kwa asetoni kama mbao ni ya mafuta, na mpingo ni ya mafuta. Ziba mdomo wa mrija kwa kuuchoma kwenye kipande cha kiazi kibichi: kiazi kinaacha kizibo kidogo ndani, gundi haiingii, na baadaye unakisukuma nje kwa msumari. Paka gundi kwenye mrija na kidogo kwenye mdomo wa tundu, ingiza ukizungusha, toa nusu, ingiza tena ukizungusha, kisha usukume hadi mrija uzame milimita moja au mbili kila upande. Kuzungusha huko si mbwembwe. Mahali gundi isipofika panabaki pengo, na patasi ikifika juu ya pengo, ngozi ya mbao haina kinachoishikilia. Inaruka kama ganda la yai.

Chupa ya supaglu iliyokwisha kufunguliwa itunze ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kama unaiweka kwenye friji, iache ipate joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo umande utaingia ndani.

Kusawazisha ncha ni kazi fupi yenye madhara marefu. Kikwangulio kina nguzo inayoingia ndani ya mrija na kichwa chenye meno kinachokata mbao iwe mraba kwa mrija. Kata taratibu mpaka uone duara la shaba linang'aa pande zote, kisha acha papo hapo. Ukiendelea unafupisha mrija, na mrija wa chini ukifupika hata kidogo, wino utachungulia nje hata ukiwa umerudishwa. Ukiacha mapema, mbao itabaki imezidi upande mmoja na pete haitakaa sawa. Kikwangulio butu hung'oa pembe za mbao. Kinoe kwa tupa ndogo ya almasi kwenye nyuso bapa za meno.

Kwenye mashine, panga bushi, kipande, bushi, kipande, bushi. Kaza nati ya mandreli kwa vidole tu. Sehemu ya nyuma ya mashine isogee hadi iguse na kuzunguka pamoja na mandreli, basi. Ukikandamiza, fimbo ya mandreli inapinda katikati kwa kiasi usichokiona kwa jicho, na kipande kinatoka cha umbo la yai. Utakijua ukikiunganisha: upande mmoja mbao imepanda juu ya chuma, upande wa pili imezama. Watu wengi hulaumu seti kwa kosa hili, na mara nyingi seti haina hatia.

Neno kukereza si geni kwetu. Miguu ya vitanda vya Lamu ilikerezwa kabla ya mashine za umeme. Kinachobadilika hapa ni udogo. Mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, patasi iliyonolewa mpaka inyoe nywele za mkono, na mkato mwembamba. Anza kwa bobari, patasi yenye mdomo wa mviringo, kuondoa pembe nne, kisha umalize kwa patasi bapa. Patasi ikiwa kali, maranda hutoka kama nyuzi ndefu. Ikianza kutoa unga, noa. Acha milimita 0.3 juu ya bushi kwa ajili ya msasa.

Hapa kuna kasoro halisi ya slimline: vipimo havifanani kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Ncha ya seti hii inaweza kuwa milimita 8.3, ya ile 8.5. Tena bushi zenyewe huliwa na msasa kila kalamu, na baada ya kalamu kadhaa zinakuwa ndogo kuliko zilivyoandikwa. Kwa hiyo usiziamini bushi. Pima kwa kalipa ncha, pete na kishikizo cha seti iliyo mkononi mwako, ukereze kila upande ufuate kipimo chake. Kazi hii ya dakika mbili ndiyo inayotofautisha kalamu ambayo kidole kikipita hakihisi mpaka na ile inayokwaruza. Na kama mbao ni nyeupe, usisage msasa juu ya bushi za chuma: unga mweusi wa chuma huingia kwenye vinyweleo na hautoki.

Msasa uanze 240 ukienda 320, 400 na 600. Kila ukimaliza namba moja, simamisha mashine usugue kidogo kwa kufuata urefu wa nyuzi, ndipo mikwaruzo ya mviringo inaondoka. Vaa barakoa ya vumbi ya kweli, si kitambaa. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua, na mwenye mzio nao huona madhara yakizidi kila anaporudia.

Kwa kung'arisha, dawa za shelaki zinazopakwa mashine ikizunguka hutoa mng'ao mzuri ndani ya dakika moja, na jasho la mkono huuondoa ndani ya muda mfupi. Kwa kalamu ya kutumika kila siku, supaglu ndiyo kipako bora. Paka nyepesi mara mbili, kisha nzito kiasi mara sita hadi nane, mashine ikizunguka polepole, ukitumia karatasi laini ya jikoni iliyokunjwa. Usitumie kitambaa cha pamba wala pamba yenyewe: pamba na supaglu vikikutana hutoa joto kali, moshi, hata moto. Miwani ni lazima. Paka nta kwenye bushi kabla, zisigande na kipande. Safu zikikauka, sugua kwa misasa laini ya maji kuanzia 1500 hadi 12000. Doa jeupe likitokea kwenye mpingo, maana yake mafuta ya mti hayakufutwa kwa asetoni kabla ya safu ya kwanza. Kereza safu zote na uanze upya, kwa maana kupaka juu yake hakulifuti. Mpingo, kusema kweli, unaweza kuachwa bila supaglu. Ukisuguliwa hadi 12000 na kupewa nta, unang'aa wenyewe.

Kuunganisha hufanyika kwenye jiliwa iliyovikwa vipande viwili vya mbao laini. Kwangua kwanza gundi iliyobaki ndani ya mirija kwa tupa ndogo ya mviringo, kwa kuwa tone moja tu ndani linatosha kuipasua ile ngozi wakati chuma kinaingia. Bana ncha kwenye kipande cha chini. Kisha mtambo uingie upande wa pili, upande wa shaba ukitangulia, na hapa ndipo subira inapohitajika. Mtambo una mfuo mdogo unaoonyesha kina, lakini mfuo huo huamini kwamba mrija wako una urefu kamili. Simama kabla ya kuufikia, ingiza wino, zungusha, utazame. Wino haujatoka vya kutosha? Sukuma nusu milimita, jaribu tena. Ukipitiliza, wino hautarudi ndani, na kuutoa mtambo bila kuharibu kipande ni kazi ya fimbo na nyundo ambayo haifaulu kila mara. Kisha weka pete, bana kishikizo na kofia kwenye kipande cha juu, panga nyuzi kwa ule mstari uliouchora, na telezesha kipande cha juu juu ya mtambo.

Wino unaokuja kwenye pakiti mara nyingi ni wa kiwango cha chini, unakatika na kuacha matone. Badilisha na wa Cross wenyewe kabla ya kumpa mtu kalamu. Hapa slimline inashindwa na wenzake: seti za Sierra na Cigar hutumia wino wa aina ya Parker, ambao ni rahisi zaidi kuupata kwenye maduka ya vifaa vya ofisi. Sierra ina mrija mmoja tu wa kutoboa, wa inchi 27/64, yaani kama milimita 10.7, na mkono mkubwa unaishika vizuri. Mwenye kuandika kurasa nyingi kwa siku atachoshwa na wembamba wa slimline. Mwenye kusaini na kurudisha mfukoni ataipenda.

Ukiagiza, chukua seti tano za kromu, mirija ya akiba kumi, bushi seti mbili na biti mbili. Seti mbili za kwanza zitumie kwenye mninga au mbao yoyote ya kawaida iliyokauka, na mpingo uuguse kuanzia ya tatu. Kama pesa ni ya seti moja tu na kalamu ni ya zawadi ya harusi wiki ijayo, nunua Sierra.